Tupeane uzoefu: shairi gani la kale halijachuja kwako, na ni kwa nini?

Mwana wa Tanga (mwanzisha uzi)
Habari zenu wanajamvi. Kila mmoja aje na utungo wake mmoja, na aseme ulimshika lini.

Naanza mimi. Utendi wa Mwana Kupona niliusoma shuleni kwa ajili ya mtihani, nikaufunga, basi. Mama alipougua kwa muda mrefu ndipo beti za mwanzo zikanirudia. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 huko visiwa vya Lamu, maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamwita binti yake, Mwana Hashima, asogee na wino na karatasi, ana jambo moyoni. Mama naye akawa ananiita vilevile: njoo ukae, nikwambie hati ya shamba iko wapi, nani tunamdai, nani anatudai. Utendi ule haufi kwa sababu anayesema anajua muda wake umebaki mchache, na anasema na mtu mmoja tu ampendaye.

Bint Mrima
Dada, pole kwa kuuguza. Ila mimi mawaidha yake mengi hayanishuki kooni. Mume akilala usimwamshe, umpapase, umpepee? Binti yangu sikumlea hivyo na sitamlea hivyo. Lakini nikifika pale anapowaombea wanawe kwa Mungu, sauti inanikatika, kila mara. Utungo unaogombana nao miaka yote na bado huuachi, huo ndio mkubwa.

Mjukuu wa Fundi
Mnasahau mizani. Babu yangu hakujua kusoma, na tenzi alikuwa nazo kichwani. Kila ubeti una vipande vinne, mizani (silabi) nane nane. Vitatu vina kina kimoja, cha nne kinarudi kwenye bahari, yaani kina kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukichomeka neno lisilo lake, sikio linakataa palepale.

Msafiri wa Visiwani
Kwangu ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mwanzoni niliiona ni mawaidha ya kifo kama mengine, yale tunayoyasikia kila msibani.

Kisha nikapelekwa kuiona nyumba ya mawe ya ukoo wetu, iliyofungwa tangu warithi waanze kuvutana. Dari imeanguka, popo wamejaa, na ukutani vile vidaka vya kupangia vyombo bado vimesimama safu kwa safu, vitupu. Hapo nikamkumbuka Sayyid Abdallah. Yeye aliyaona majumba ya matajiri wa Pate, mji wa kale huko visiwa vya Lamu, baada ya mji kuporomoka, na hakutosheka kusema dunia inapita. Anakuonyesha kidaka kilichowekwa sahani za kaure, sasa makinda ya ndege yamelala humo. Bundi anakoroma ndani ya nyumba. Kumbini wanalia nyenje. Mtu asiyewahi kufika Pate atayaona, na ndani yake ataiona nyumba ya kwao.

Tena hatuhubirii sisi. Anauuliza moyo wake mwenyewe kwa nini hauzinduki. Sisi tunasikiliza pembeni, ndiyo maana hatupati nafasi ya kukasirika.

Mwana wa Tanga
Msafiri, hili la kuuambia moyo wake sikuwahi kulitazama hivyo. Ahsante sana.

Nipo Nyuma
Wakuu, yote sawa, lakini maneno mazuri hayajihifadhi yenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya, akisaidiana na mmisionari Taylor, na diwani, yaani kitabu cha mashairi yake, ikachapishwa 1940. Asingekuwapo Sikujua, leo tungekuwa na nini cha Muyaka? Wangapi walikuwa mafundi kama yeye, wakazikwa na tungo zao?

Bibi yangu mzaa baba ana nyimbo za harusi ambazo sijaziona kwenye kitabu chochote. Nimeanza kumrekodi kwa simu. Akikwama katikati hawezi kuendelea alipoishia, inabidi aanze juu kabisa, nami narekodi upya. Mwenye mkubwa wake nyumbani afanye hivyo wiki hii.