Mtoto wa miaka 2 na nusu katoka kupasuliwa utumbo, tunamhudumiaje nyumbani? (Rungwe)

Mama_Isongole aliuliza:

Habari zenu wakuu. Mtoto wa kiume, miaka 2 na nusu, kilo 12. Kapasuliwa Mbeya mjini: utumbo uliingia ndani ya mwenzake, wakakata kipande wakaunganisha. Leo ni siku ya 6, tumeruhusiwa jana. Kapewa paracetamol ya maji, metronidazole ya maji na tarehe ya kutoa nyuzi. Tupo Isongole, mvua na baridi haviishi. Ale nini? Aogeshwe vipi? Naweza kumbeba mgongoni? Halafu bibi yake anataka amkande kwa maji ya moto na kumpiga bomba, kwa sababu hajapata choo tangu jana asubuhi.

Nesi_Upasuaji alijibu:

Pole dada, na mgonjwa apone haraka. Naanza na bomba maana ndilo la hatari kuliko yote: hapana, kabisa. Utumbo uliokatwa ukaunganishwa huwa dhaifu zaidi katika wiki ya kwanza, na mtoto bado yuko ndani yake. Maji yakisukumwa kwa nguvu kutoka chini yanaweza kufumua mshono wa ndani, kinyesi kikamwagikia tumboni, akarudishwa chumba cha upasuaji akiwa mahututi. Siku moja au mbili bila choo baada ya upasuaji si ugonjwa, ilimradi anajamba, tumbo ni laini na anakula. Mwambie bibi kwa heshima kwamba daktari amekataza.

Kukanda nako hapana. Maji ya moto yanalowesha kidonda na kulegeza kigaga, na ngozi ya mtoto huungua upesi. Majivu, dawa ya meno, asali, spiriti na unga wa kidonge kilichopondwa, vyote visiguse mshono.

Kuoga: mpanguse mwili kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, saa sita mchana jua likiwepo, mlango umefungwa. Asiketi kwenye beseni mpaka nyuzi zitoke na kidonda kiwe kikavu. Bandeji ikilowa mkojo au uji isisubiri kesho, nenda zahanati wakabadilishe. Nguo za huko zinachelewa kukauka, kwa hiyo zinazogusa tumbo zipigwe pasi. Mvalishe gauni pana hata kama ni wa kiume, watu wacheke tu. Suruali yenye mpira kiunoni husugua mshono.

Mgongoni asipande kwa wiki 3 hadi 4, kwa sababu kitenge kinabana tumbo lote. Na ukimnyanyua usimvute kwa makwapa. Mkono mmoja uwe chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega. Kutembea ndani na uani aachwe atembee, kunaamsha utumbo. Bodaboda, kupanda ngazi na mpira visubiri wiki 6.

Famasia_Tukuyu alijibu:

Naongezea dawa tu. Soma chupa: paracetamol nyingi za watoto ni miligramu 120 kwa mililita 5, ila zipo pia za 250. Kwa kilo 12 dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 180. Kwa chupa ya 120 hiyo ni mililita 7.5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Kwa siku 2 au 3 hizi mpe kwa saa: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Zisizidi dozi 4 kwa siku, na usichanganye na dawa ya mafua ya maji, nyingi zina paracetamol ndani yake. Ikizidi inaharibu ini. Diclofenac na aspirini msinunue.

Jambo ambalo watu husahau: pima joto KABLA ya dozi. Ukipima saa moja baadaye, paracetamol imeshaficha homa.

Metronidazole ina ladha chungu ya chuma, na mtoto anaweza kukataa chakula kwa sababu yake tu. Hii ya maji mpe tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula. Mkojo ukiwa wa kahawia kidogo msishtuke, ni dawa, lakini ukiwa mchache pia basi hanywi maji ya kutosha. Dawa imalizwe kama ilivyoandikwa hata akiwa anacheza.

Mzee_wa_Kiwira alijibu:

Mpeni supu ya kongoro asubuhi na jioni, hiyo ndiyo inashona utumbo. Uji hauna nguvu.

LisheNyandaJuu alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Supu tupu ni maji, chumvi na mafuta. Mtoto anashiba haraka bila kupata cha kujengea kidonda. Kama ni supu, nyama yenyewe isagwe ndani yake. Ya mafuta mengi itamletea kichefuchefu wiki hii.

Mama, tumbo lake sasa linataka kidogo kidogo mara nyingi: vikombe vidogo 6 au 7 kwa siku, siyo sahani 3. Uji wa unga wa mahindi au ulezi, mlaini, uive dakika 20, kisha kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti na maziwa yaliyochemshwa. Unga wa lishe wenye nafaka na kunde sita pamoja ninaushauri uachwe kwa sasa: soya isiyokaangwa vizuri inaleta gesi, na tumbo lililoshonwa likijaa gesi linauma. Baada ya uji njoo na viazi mviringo vya kuponda, ndizi zilizopikwa zikaiva hasa (huko hazikosekani), yai lililoiva, parachichi, mtindi. Maharage wiki ijayo, yaliyomenywa maganda na kupondwa. Mahindi ya kuchoma, bisi, miwa, mapera na karanga nzima viwekwe mbali wiki kadhaa. Soda isiwepo.

Choo kikiwa kigumu: papai, chungwa na maji zaidi. Akiharisha: ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki miligramu 20 kwa siku, ila someni pakiti ya ORS, zipo za lita 1 na za nusu lita. Na kama bado ananyonya, aendelee.

Mama_Isongole aliandika:

Ndaga fijo (asanteni sana). Bibi amekubali kwa shingo upande. Mawili yamebaki: usiku anakohoa na kila akikohoa analia, na bandeji ina doa la kahawia ukubwa wa sarafu. Tunawasha jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi.

Daktari_wa_Wodi alijibu:

Jiko litoke leo, lisingoje kesho. Moshi ndio huenda unamkohoza, na mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Mvalisheni soksi, kofia na sweta mbili, alale kati yenu au na mablanketi. Chupa ya maji ya moto iwekwe miguuni, isiguse tumbo wala ngozi.

Akitaka kukohoa, bonyeza mto mdogo au kanga iliyokunjwa taratibu juu ya tumbo lake. Mpeni maji ya uvuguvugu. Dawa za kikohozi za maji zinazolevya na kulaza zisitumike. Akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani, hilo si kikohozi cha moshi.

Doa kavu lisilokua halina shida. Lizungushie mstari kwa kalamu ya bluu, uandike na saa pembeni. Likivuka mstari, mpelekeni akaonwe. La kuogopwa zaidi ni majimaji ya rangi ya waridi yanayolowesha bandeji ghafla kati ya siku ya 5 na ya 10: hiyo ni dalili kwamba mshono wa ndani wa ukuta wa tumbo unaachia, hata kama juu nyuzi zinaonekana nzima. Utumbo ukitokeza, usiurudishe. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, usimlishe, ondokeni.

Mengine yasiyongoja asubuhi: kutapika kijani, tumbo kujaa na kuwa gumu, kutojamba kabisa, damu au kamasi jekundu chooni, joto la 38 na zaidi, mkojo kutotoka kwa saa 8, au kilio kinachokuja na kuondoka huku akikunja miguu, kama kile cha mwanzo. Utumbo huweza kuingia tena. Na utumbo uliowahi kupasuliwa unaweza kushikana hata baada ya miaka, kwa hiyo karatasi ya kuruhusiwa isipotee. Kila atakayemwona akitapika aambiwe "aliwahi kupasuliwa tumbo".

Anzieni hospitali iliyo karibu nanyi, Makandana au Igogwe, wamwekee dripu kabla ya safari ya Mbeya. Namba ya mwenye gari iandikwe ukutani leo, na muulizeni mapema kama anaitikia simu usiku.

Mama_Isongole aliandika:

Jiko limetoka. Mstari nimechora, saa 2 na robo usiku.