Anayeanza mpira wa meza achague raketi ya namna gani?

Mwuliza swali: Ndugu wanajamvi, nimeanza kujifunza mpira wa meza ukubwani, na kila ninapotaka kununua raketi nashauriwa nichukue yenye kasi kubwa, eti nitaizoea. Je, ushauri huo ni sahihi? Isitoshe, mipira yangu mingi huishia wavuni.

Jibu la kwanza: Ndugu, usiufuate. Raketi ni ubao uliobandikwa raba yenye sponji chini yake. Kanuni zinaruhusu raba, sponji na gundi kwa pamoja visizidi unene wa milimita 4 kila upande, lakini kadiri sponji inavyokuwa nene ndivyo mpira unavyochomoka kwa kasi na ndivyo kosa dogo la mkono linavyokuzwa. Ubao wa mbao tupu wa tabaka 5, usio na nyuzi za kaboni, pamoja na sponji ya milimita 1.5 hadi 1.8, unakutosha kabisa.

Ama kuhusu wavu, nadhani raketi haina hatia. Mpinzani akiukata mpira kwa chini, unakujia ukizunguka kinyumenyume, na ukiupokea kwa raketi iliyosimama wima utashuka moja kwa moja wavuni. Kwa hiyo laza raketi kidogo, uso wake utazame juu, kisha usukume mbele ukipita chini ya mpira. Ukijiwa na mpira unaozunguka kwenda mbele, fanya kinyume: inamisha uso wa raketi kuelekea mezani, la sivyo mpira utapaa. Tazama mkono wa mpinzani anapopiga, maana mpira ukishavuka wavu wewe utakuwa umechelewa.

Jibu la pili: Nakubaliana, ila mwenzangu ameisahau miguu. Fohendi, yaani pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, huanzia mguuni na kiunoni, mkono humalizia tu. Panua miguu kupita mabega, kunja magoti, na baada ya kila pigo rudi katika mkao huo. Usiharakie mapigo ya kuzungusha mpira kwa nguvu kabla fohendi na bekhendi (pigo la upande wa pili, kwa mgongo wa mkono) za kawaida hazijatulia, hata kama ndizo zinazopendeza machoni.

Mwuliza swali: Nashukuru sana. Nikikosa mwenzangu wa kucheza naye, nifanye nini?

Jibu la kwanza: Fanya mazoezi ya sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, kwani ndilo pigo pekee lisilomtegemea mpinzani. Weka mpira kwenye kiganja kilicho wazi, urushe juu wima angalau sentimita 16, uupige unaposhuka, na uhakikishe unadunda kwanza upande wako.