Naomba ushauri: mazoezi ya tiba baada ya mtikisiko wa ubongo

Habari zenu wanakundi. Mdogo wangu aligongwa kichwani uwanjani. Picha ya CT haikuonyesha damu. Akaambiwa ni mtikisiko wa ubongo. Alipumzika saa 48 za mwanzo, kisha akaanza kutembea taratibu. Hatapiki, na kichwa kimepungua kuuma, ila kizunguzungu kimegoma, hasa akigeuka ghafla.

Mtaalamu wa fiziotherapia alimpa mazoezi ya shingo, na hayo yamemsaidia sana. Kuna lingine la kukazia macho kidole gumba huku akigeuza kichwa kushoto na kulia. Hilo ndilo mtihani: akilianza tu kichefuchefu kinampanda, anatafuta ukuta wa kushika. Tuliambiwa dalili zikipanda kidogo si neno, mradi zisipande kwa zaidi ya pointi 2 kwenye kipimo cha ukali cha 0 hadi 10, na zitulie ndani ya saa moja. Zake huchelewa kutulia, wakati mwingine mpaka jioni.

Waliopitia hali hii, na wataalamu mliomo humu: alifanye akiwa amekaa na kwa mwendo wa polepole, au aliache kabisa mpaka aonwe tena wiki ijayo? Na kutembea aendelee nako?