Mbwa asipotee Goma: namba shingoni, chipu, GPS au kuziba uzio?

Mama_Keshero
Ndugu zangu, naomba mawazo. Tofi wetu, dume wa mwaka mmoja na nusu, ametoroka mara tatu tangu Pasaka. Mara ya mwisho alilala nje siku mbili, akarudi sikio limechanika. Binti yangu hakugusa chakula siku hizo. Nina dola 60 tu. Nitumie kwa mkanda wenye namba ya simu, chipu ya chini ya ngozi, kifaa cha GPS cha kuonyesha alipo, au kurekebisha uzio? Kumfunga mnyororo mchana kutwa sitaki, nimeona wa jirani alivyogeuka mkali.

Papa_Himbi
Mama, chipu wengi wanaielewa vibaya. Ni kama punje ya mchele, inaingizwa kwa sindano kati ya mabega. Haina batri, haitumi habari popote. Inabeba namba ya tarakimu 15, basi, na lazima ipitishiwe mashine ya kuisoma. Aliyemwokota Tofi itabidi ampeleke kwa daktari wa mifugo mwenye mashine hiyo, na namba iwe imeandikishwa pamoja na simu yako. Dada yangu alimwekea wake kwa sababu alikuwa anahamia Ubelgiji, na Ulaya hawampokei mbwa bila chipu. Lakini hapa kwetu anayekutana na mbwa ni motari wa pikipiki, au mtoto anayetoka kuchota maji.

Kijana_Katindo
Ninayo GPS. Inataka kadi ya simu ndani yake, mega za intaneti kila mwezi, na kuchajiwa. Umeme ukikosekana siku mbili, imekufa. Iliniokoa mara moja: nukta kwenye ramani ya simu ilinipeleka hadi mtaa wa Birere, lakini nyumba za kule zimebanana, sikujua ni parseli (kiwanja) ipi. Nikaita jina lake, akabweka nyuma ya mabati. Nilikaribia kulia. Kama pesa ni dola 60, usianzie hapo. Na vile vidude vya AirTag havina GPS, vinategemea simu za iPhone zinazopita karibu na mbwa. Hesabu ziko ngapi mtaani kwako.

Yaya_Majengo
Mbona hakuna aliyeuliza Tofi anatokea wapi? Mdogo wangu, hilo ndilo la kwanza. Ardhi yetu ni jiwe la volkano, haliko sawa hata mita moja, kwa hiyo lango halikai chini vizuri. Mahali pengine unapita mkono, pengine anapita mbwa. Lala chini na tochi uangalie ukingo wa chuma: ukikuta manyoya, umeshapata njia yake. Usijaribu kuchimba. Mwaga simenti ufanye kizingiti, au fundi achomelee nondo chini ya lango, nafasi zisipite kichwa chake.

Halafu ukuta wa mawe yasiyopigwa lipu ni ngazi kwa mbwa. Ondoa mawe na mifuko ya saruji iliyorundikwa karibu nao. Kwangu shida ilikuwa watoto kuacha lango wazi. Fundi alifunga kamba kwenye lango, ikapita juu ya gurudumu dogo, na upande wa pili ikaning'inia jiwe la kilo kama tano. Mtoto akiliachia, linajirudisha lenyewe.

Mama_Keshero
Yaya, nimelala chini kama ulivyosema. Manyoya yapo! Upande wa kushoto, kwenye bawaba. Mwaka mzima napita hapo.

Fundi_Mifugo
Mama, usiliache lile sikio. Kama aling'atwa na mbwa asiyejulikana, mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ukiwa nayo. Akimng'ata mtu yeyote, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo. Kuhusu kutoroka: dume wa umri huo ananusa jike aliye kwenye joto kutoka mbali. Kumhasi kunapunguza sana uzururaji, ingawa hakuumalizi.

Mtoto_wa_Mabanga
Naongeza kuhusu namba. Tarehe 27 Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tuliambiwa tuhame, tukashika njia ya Sake. Kwenye msongamano mbwa wetu aliponyoka. Shingoni alikuwa na namba moja tu, ya simu yangu, na simu ilizima usiku uleule. Hatukumwona tena. Kwa hiyo andika namba mbili, ya pili iwe ya ndugu aliye mbali, Bukavu au Butembo. Anza na +243, maana mpaka uko hapo tu na mtu wa Gisenyi, Rwanda, akipiga bila hiyo hakupati. Usitumie kalamu, mvua inafuta. Mimi sasa nimekata kipande cha sufuria kuukuu nikapigilia tarakimu kwa msumari. Mkanda uingie vidole viwili chini yake: ukilegea zaidi ya hapo anauvua kichwani.

Mama_Keshero
Pole sana, ndugu. Namba ya pili nitaweka ya mama yangu, yuko Bukavu. Kesho anakuja fundi wa kuchomelea, na Tofi anaenda kwa daktari asubuhi kabla ya hapo. Kuhasi, mume wangu bado hajakubali. Papa_Himbi, niambie unapofunga mbwa wako wakati lango linatengenezwa, maana litakuwa wazi siku nzima.

Papa_Himbi
Ndani ya chumba cha kulala, na nguo uliyoivaa jana.