Matapeli wa "darasa la uandishi": riwaya nimeimalizia stesheneri, tangazo wameweka wao

Wakuu, nina hasira na naandika kwa simu nikiwa dukani. Nilipokosea herufi pitieni tu.

Jana usiku, saa sita kasoro, nimemaliza rasimu ya kwanza ya riwaya niliyoianza 2021. Nikaweka stetasi, "Rasimu imekwisha, alhamdulillahi," nikalala. Asubuhi naingia kwenye kundi la darasa la uandishi nililosoma zamani (sikuwahi kujitoa) nakutana na sura yangu. Picha yenyewe nilipigwa msibani, nimenuna. Chini yake maandishi mekundu: "MATUNDA YA DARASA LETU! Mwanafunzi wetu amekamilisha riwaya. Awamu ya tisa inaanza Jumatatu, ada 85,000 tu."

Matunda ya darasa gani?

Hilo darasa nililipia 60,000 mwaka 2023, miezi mitatu, kwa WhatsApp. Mwalimu alikuwa anatuma sauti za dakika ishirini huku nyuma kuku wanawika. Wiki ya kwanza tuchore ramani ya riwaya. Wiki ya pili tujaze wasifu wa wahusika, maswali arobaini kila mmoja: anapenda chakula gani, anaogopa nini, anavaa kiatu namba ngapi. Mimi nina wahusika kumi na mmoja. Nimekaa usiku, mtu mzima na familia yangu, nagawa namba za viatu kwa watu kumi na mmoja ambao hawapo. Wiki ya sita nikauliza, mwalimu, kuandika tunaanza lini? Akanijibu, "Usiwe na haraka, bado hujaiva." Miezi mitatu ikaisha hakuna hata mmoja wetu aliyeombwa ukurasa. Cheti nilipewa, jina limekosewa.

Sasa kabla hamjanirukia na "kwani ulishikiwa bunduki?", nakiri. Yule bwana aliniuzia bidhaa niliyokuwa natafuta mwenyewe: sababu ya kutoandika ambayo ina heshima. Na kabla yake nilikuwa najihudumia bure.

Riwaya yangu inatokea ndani ya MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Mama mmoja anapanda Kigoma na magunia ya dagaa kwenda Kasanga. Basi, hiyo ndiyo hadithi. Ila mimi nikasema siwezi kuandika meli nisiyoijua, ngoja nifanye utafiti. Wakuu, nimefanya utafiti mwaka na nusu! Niulizeni chochote. Imetengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikaletwa Dar kwa meli na kwenda Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili adui asiipate, lakini kwanza injini wakazipaka grisi nzito, wakijua ipo siku wataihitaji. Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Nilikuwa najua habari za grisi, sijui mama wa watu na dagaa wake anaitwa nani. Amekaa bandarini Kigoma juu ya magunia yake mwaka na nusu, meli haiondoki.

Na siku nikiamua leo naandika, hapo ndipo nyumba inakuwa safi. Nitafagia uwanja, nitakaza bawaba za kabati zilizolegea tangu tuhamie, nitanoa visu. Mke wangu alifika mahali akiona bomba linavuja ananiambia, "Baba Salma, leo si ungeandika kidogo?" Novemba 2022 nikajitosa kwenye ile changamoto ya Wamarekani ya maneno 50,000 kwa siku 30, ambayo ni kama 1,667 kwa siku. Siku ya nne nikawa nafanya hesabu ya deni badala ya kuandika. Siku ya saba deni likanishinda, nikafuta faili. Nilifuta kabisa, mkuu, hadi kwenye kapu.

Kitu kingine kilichonichefua. Mwalimu alipenda sana kututolea mfano wa Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, mtu wa posta, aliyeamka alfajiri na kuandika kabla ya kazi, saa iko mezani, maneno 250 kila robo saa. "Amkeni kama Trollope!" Nikaja kusoma mwenyewe baadaye, kumbe Trollope alikuwa na mtumishi mzee anayelipwa pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Mwalimu alituonyesha saa, mtumishi akamficha. Kila kitu kilikuwa pale kwenye mtumishi! Lazima awepo mtu anayekuja kugonga mlango.

Wa kwangu nilimpata bila kumtafuta. Mwaka jana mwezi wa tano niliingia stesheneri ya mtaani kwetu kutoa nakala ya kitambulisho. Binti wa pale nikamuuliza, kuchapa ukurasa wa kuandikwa kwa mkono bei gani. Elfu moja. Sijui nini kilinipanda, nikatoa elfu hamsini, nikamwambia kurasa hamsini hizo, nitakuwa naleta nne kila Jumamosi. Akaandika kwenye daftari lake la madeni, akasema, "Ila hela hairudi kaka, na Jumamosi nafunga saa nane."

Ijumaa usiku nikakaa na kauntabuku mezani, nikiwa na hofu ya elfu hamsini. Sikuwa na ramani wala wasifu. Niliandika kurasa nne za hovyo kabisa, mama akapanda meli kwa sababu tu ilikuwa saa saba usiku nami nataka kulala. Jumamosi nikampelekea. Wiki ya tatu sikwenda. Jumatatu napita na pikipiki, akanipigia kelele kutoka mlangoni, watu wanasikia: "Kaka! Yule mama ameshuka kwenye mtumbwi au amezama?" Maana nilikuwa nimeachia pale usiku, Liemba imesimama mbali na kijiji kisicho na gati, mitumbwi imekuja kubeba abiria, na gunia moja limedondoka majini. Mtu alikuwa anasubiri. Nilirudi nyumbani na aibu, nikaandika kurasa saba.

Miezi kumi na moja, kurasa 187, na binti aliacha kunidai chenji. Sasa mniambie tangazo lile alistahili nani.

NYONGEZA, saa kumi jioni: Wanaouliza kama rasimu ni nzuri: ni mbovu. Nahodha amekufa sura ya sita, sura ya tisa anakunywa chai. Nimeshaambiwa na aliyechapa, msijisumbue.

Wanaosema nimtaje mwalimu: sitaji, ila mkiona tangazo lenye jamaa amenuna na kofia ya msibani, ndiye mimi, msilipe.

Nimemwandikia faragha afute picha. Tiki zimekuwa za bluu tangu saa tatu asubuhi. Dakika hii ametuma kwenye kundi: "Nafasi zimebaki nne."