Tupeane uzoefu: mzazi au mwenza akiondoka bila kuandika chochote, kwenu ilikuwaje?

Wadau, baba amefariki miezi 8 iliyopita. Hakuwa tajiri, nyumba moja tu na akiba kidogo benki, lakini mpaka leo tunahangaika. Na sio kwamba tunagombana, hapana, tatizo hatujui. Akaunti ngapi, nani anamdai, nani alikopa kwake, hati ya nyumba yenyewe tumeikuta kwenye bahasha ya picha za zamani. Mama miaka yote alikuwa anatoa hela kwa kadi ya mzee akajua ataendelea hivyo hivyo, kumbe benki wakishapata taarifa ya kifo akaunti inazuiwa mpaka msimamizi wa mirathi athibitishwe, na hela ya kula ndo iko mule. Mimi siku zote nilijua wosia ni mambo ya wenye mali. Aliyepitia aseme jamani.

mama_wawili: Pole sana ndugu yangu. Sisi wosia ulikuwepo. Marehemu mume wangu alijaza fomu ya bima ya maisha kazini kabla hajaoa, akaweka jina la kaka yake, tukaoana, tukazaa, akaja kuandika wosia mzuri kabisa kila kitu mimi na watoto, ile fomu akaisahau. Nikaambiwa hela ya bima inafuata jina la kwenye fomu, wosia hauingii hapo. Shemeji alitupa nusu kwa moyo wake tu, angegoma nisingekuwa na pa kwenda. Wenye bima na pensheni naomba leo hii mkaangalie jina gani limeandikwa, nawaomba kweli.

mjukuu wa bibi: Kwetu kilichoharibu ni mashahidi. Bibi alimwachia mama mdogo kiwanja, halafu waliosaini kama mashahidi ni mama mdogo mwenyewe na mumewe. Nchi nyingi shahidi anayenufaika anaweza kukosa alichoachiwa, na kwetu ndo ikawa hivyo, kiwanja kikarudi kugawanywa kwa wote. Huyo mama ndo alimuuguza bibi mpaka mwisho, inaniuma hadi leo.

msomaji: Hata wakubwa yanawakuta. Aretha Franklin, yule mwimbaji maarufu wa Marekani, alifariki 2018, familia ikajua hakuna wosia, baadae zikakutwa karatasi kaandika kwa mkono, nyingine kwenye daftari chini ya mito ya kochi. Watoto wakafikishana mahakamani mpaka 2023 ndo ikaamuliwa ile ya kwenye kochi ni halali. Kwa hiyo ukiandika mwambie mtu umeweka wapi.

kaka mkubwa: Sisi waislamu mafungu ya urithi yanajulikana, na wosia hauzidi theluthi moja wala haumhusu mrithi, basi wengi wanaona hakuna cha kuandika. Kipo, tena kikubwa. Madeni yanalipwa kabla ya kugawa, utayalipaje usiyoyajua? Mzee wetu alikuwa na daftari moja, anadaiwa na nani, anamdai nani, amana ya nani iko kwake, kila mwaka anafuta anaandika upya. Tulivyolifungua tulilia, maana hatukuwa na cha kubishana.

shangazi mlezi: Mnaongelea mali tu, na watoto je? Dada na shemeji waliondoka ajali moja, watoto wadogo, hakuna karatasi inayosema nani awalee, pande mbili zikavutana karibu mwaka mzima na watoto wanahamishwa huku na huku. Nilikuja kuwapata mimi ila yule mdogo bado akiona begi analia.

mleta mada: Nimesoma zote, asanteni sana. Shangazi mlezi yako nimemsomea mama jana usiku, mdogo wetu wa mwisho bado yuko shule ya msingi. Akanyamaza kidogo akaniambia chukua kalamu, nyumba tutaiandika baadae, anza na jina la mtoto na nani atakaa naye. Tumeandika, mwanasheria atatupangia vizuri. Ila swali, huyo mlezi anatakiwa aulizwe kwanza akubali, au unamwandika tu?

shangazi mlezi: Muulize kwanza. Na uandike wa pili, maana wa kwanza naye ni binadamu.