Daraja la Mokowe 2190: livunjwe ama lishikiliwe?

KijanaLangoni: Wadau nisaidieni. Naandika hadithi ya vita vya 2190, maroboti yameteka bara yote mpaka Mokowe, watu tumebaki kisiwani Amu (Lamu) na daraja ni moja tu. Kamanda ni mwanamke, baruti ameshatega, ila watu wetu kibao bado wako ng'ambo hawajavuka. Alipue sasa ama angoje?

SabakiBoy: Alipue leo leo. Daraja la Remagen kule Ujerumani, Machi 1945, Wajerumani walichelewa, kuja kulipua daraja likanyanyuka likarudi palepale, Wamarekani hao wakavuka mto Rhine. Ukisita umekwisha.

DadaShela: Na hao hawajavuka ni kuku? Halafu sema yote, lile daraja lilianguka lenyewe siku kumi baadaye.

MzeeWaMashua: Maroboti si yana droni? Daraja ya nini sasa.

KijanaLangoni: Ami, droni haibebi kifaru. Si uliona daraja la Kerch, la Urusi kwenda Crimea, 2022 lilivyolipuliwa, Urusi ina ndege chungu nzima lakini walihangaika kulitengeneza maana mafuta na mizigo mizito yapita kwa treni.

SabakiBoy: Ndo nasema alipue. Lakini nyinyi wa Amu nawajua, mtakaa barazani na kahawa mkijadiliana mpaka roboti la kwanza lifike Mkunguni katikati ya mji 😂

MwanaMkomani: Wee wa Malindi ndo wa kutufunza vita?? 1498 Vasco da Gama katoka Mombasa hatakiwi, nyinyi mkampokea mkampa na rubani wa kumfikisha India, na mnara wake mwautunza hadi leo. Roboti likija mtalipikia biriani.

SabakiBoy: Na 1506 Wareno walipofika Amu mlipigana? Mlitoa kodi mzinga haujalia. Sisi angalau tulifanya biashara.

MwanaMkomani: Walikuwa washauchoma mji wa Oja, ungefanyaje wewe! Sema vita vya Shela basi, 1812 hivi, Pate na Mazrui wa Mombasa walikuja na majahazi, maji yakapwa vyombo vikakwama mchangani tukawamaliza. Bila daraja.

DadaShela: "Tukawamaliza" nani, ulikuwepo? Vita vilikuwa kwetu Shela, nyinyi wa mtaa wa Mkomani mwaja kujisifia tu.

MzeeWaMashua: Hapo kwenye maji kupwa ndo pana hadithi kijana. Avunje nguzo ya kati tu, watu waje na mashua maji yakijaa, maroboti yakijaribu kwa miguu maji yakitoka yatazama. Lile tope la mikoko upande wa Mokowe nalijua, limenila ndara ukivuta mguu watoka peke yake, je chuma?

SabakiBoy: Watayaunda na miguu mirefu.

MzeeWaMashua: Mirefu ndo yazama zaidi we mtoto.

KijanaLangoni: Jamani kamanda ameshika swichi mkononi, nimwambieje??

MwanaMkomani: Angoje, kwanza huyu atuombe radhi kwa hayo ya kahawa.

DadaShela: Ya kahawa ni kweli lakini.

SabakiBoy: Siombi. Na huo mnara tuliujenga sisi? Walijenga Wareno wenyewe.